Somo: Namna ya Kusoma Tangazo la Farasi Dume wa Mbegu katika Magazeti ya Walowezi wa New Zealand

Anayefungua gazeti la Otago au Canterbury, mikoa ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, la kati ya miaka ya 1860 na 1890, toleo la Septemba au Oktoba, hukuta safu nzima iliyojaa matangazo ya farasi dume. Wasomaji wengi huipita safu hiyo wakitafuta habari za vita, meli au dhahabu. Mimi nimekaa nayo muda mrefu, na naiona kuwa mahali ambapo gazeti la walowezi husema kweli zaidi kuhusu maisha ya shamba, kwa sababu masharti yake yalikuwa mapatano ambayo jirani angeweza kumdai mwenzake mahakamani. Somo hili linawaeleza wanachama wa chama chetu jinsi ya kuyasoma matangazo hayo kwa utaratibu, na mwishoni linajibu maswali yao.

Farasi hawakuwa wanyama wa asili wa New Zealand. Wa kwanza walishushwa Desemba 1814 na mmisionari Samuel Marsden, nao walikuwa dume mmoja na majike wawili. Mwaka 1848 Waskoti walianzisha makazi ya Otago, na mwaka 1861 dhahabu ikagunduliwa huko, hata kila mwenye mkokoteni akahitaji farasi wa kuuvuta. Baadaye ngano na shayiri zilipoenea katika nyanda za Canterbury na Otago, jembe likahitaji farasi wazito wengi kuliko meli zilivyoweza kuleta. Ilibidi wazaliwe palepale, na mkulima mdogo mwenye majike watatu wa kulimia hakuwa na uwezo wa kununua dume wake mwenyewe. Tangazo lilimletea dume wa kukodi.

Hatua ya kwanza: chagua toleo linalofaa

Magazeti haya yanasomwa bure katika hazina ya mtandaoni iitwayo Papers Past, iliyofunguliwa mwaka 2001 na Maktaba ya Taifa ya New Zealand. Ya Australia yapo katika Trove. Ukitafuta kwa neno stallion peke yake utakosa mengi, kwa kuwa walowezi walipenda kumwita dume entire, yaani mzima, asiyehasiwa. Tafuta kwa maneno yote mawili.

Anza na matoleo ya mwisho wa Agosti, kisha uendelee hadi Desemba. Farasi jike huingia joto siku zinaporefuka, na upande ule wa dunia siku huanza kurefuka baada ya Juni, hata kufikia Septemba zimekwisha kuwa ndefu. Mimba yake huchukua takribani miezi kumi na mmoja, kwa hiyo jike aliyepandwa Oktoba huzaa Septemba inayofuata, majani mabichi yanapoanza kujaa. Kwa farasi wa mbio kuna sababu nyingine: umri wao wote huhesabiwa kuanzia 1 Agosti, na mtoto aliyezaliwa kabla ya tarehe hiyo angehesabiwa kuwa na mwaka mmoja akiwa bado ananyonya.

Hatua ya pili: anza kusoma kutoka chini

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Juu ya tangazo pana jina la farasi kwa herufi kubwa na majina ya wazazi wake, na jicho huvutwa huko. Acha. Nenda chini, kwenye masharti. Ili tuelewane, nimetunga mfano kwa kuunganisha kauli za kawaida za wakati ule, nikaacha wazi mahali pa jina (Taieri na Tokomairiro ni wilaya za Otago, na Clydesdale ni aina ya farasi wazito wa Uskoti):

«Atapita Taieri na Tokomairiro msimu huu, dume safi wa Clydesdale, ———, rangi ya kahawia, umri miaka sita, kimo 16.2, mifupa mizito, mpole, amethibitika kuzalisha. Ada: pauni 3 kwa jike mmoja, majike wawili au zaidi wa mwenye mmoja, kwa mapatano. Kwa dhamana, pauni 4. Ada ya saisi shilingi 5, italipwa jike akipandwa mara ya kwanza. Ada zote zilipwe 1 Januari. Jike atakayeuzwa au kubadilishwa atahesabiwa kuwa na mimba. Malisho mazuri yapo. Uangalizi wote utafanywa, ila mwenye dume hatawajibika kwa ajali wala kupotea.»

Soma sasa jinsi hatari ilivyogawanywa. Aliyelipa pauni 3 alilipia kupandiwa, mimba ishike isishike. Aliyechagua dhamana aliongeza pauni moja, akawa halipi ada ya dume iwapo jike hatashika mimba. Tofauti ya bei hizo mbili ni kipimo cha imani ya mwenye dume kwa mnyama wake: dume akijulikana kuzalisha vizuri, dhamana haimgharimu sana mwenyewe, na dume mwenye mashaka mara nyingi hukuta sharti la dhamana limeondolewa kimya kimya mwaka unaofuata. Sharti la jike aliyeuzwa liliziba ujanja wa mkulima kumuuza jike mwenye mimba kisha akadai kwamba hakujua kama ameshika.

Ada ya saisi, yule mtunzaji aliyetembea na dume, ilitajwa peke yake na kulipwa papo hapo. Yeye hakuweza kungoja mwaka mpya. Kwa familia yenye fedha kidogo, shilingi tano mkononi na pauni tatu baada ya miezi mitatu yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa.

Hatua ya tatu: chora njia ya saisi kwenye ramani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, nami nakusihi usiiruke. Dume wa mbio kwa kawaida alikaa mahali pamoja, na majike wakaletwa kwake, kwa kuwa jike wa thamani angeweza kutembezwa mbali. Dume wa kulimia alifanya kinyume: yeye ndiye aliyetembea, kwani mkulima asingewatoa majike wake kwenye jembe katikati ya majira ya kilimo. Kwa hiyo tangazo lake lina ratiba. Jumatatu atatoka nyumbani na kulala kwenye hoteli fulani. Jumanne atakuwa kwa mhunzi adhuhuri na usiku atalala shamba fulani. Alhamisi atakuwa kwenye uwanja wa mnada. Jumamosi atarudi nyumbani na kubaki hadi Jumatatu.

Chukua ramani ya wilaya, weka alama kila kituo, kisha uunganishe. Utaona ni hoteli zipi zilizokuwa vituo halisi vya kijiji, mhunzi alikuwa njia panda ipi, ni mto upi uliovukika na upi uliolazimisha mzunguko. Ramani ya serikali itakuonyesha barabara zilizopimwa, lakini njia ya saisi itakuonyesha barabara zilizopitika mwezi wa Oktoba baada ya mvua.

Marudio ya kila juma nayo yana maana ya kiuzazi. Jike hurudi joto kila baada ya siku 21 hivi, akabaki katika joto siku tano hadi saba. Hapakuwa na kipimo cha mimba. Saisi alimsogeza dume karibu na jike, ua likiwa katikati, akatazama: jike akitulia, alikuwa bado anamhitaji dume, akipiga mateke na kulaza masikio nyuma, huenda ameshika. Ratiba isiyoachana zaidi ya juma moja ilimwezesha saisi kumjaribu jike yuleyule mara kadhaa kabla msimu haujaisha, na akili yake katika jambo hilo ilikuwa na uzito kwa mapato ya tajiri wake kuliko nasaba yote iliyochapishwa juu.

Hatua ya nne: pima nasaba kwa tarehe

Nasaba ilikuwa na uzito kulingana na kitabu kilichoweza kuithibitisha. Farasi wa mbio wa Kiingereza walikuwa na kitabu chao cha nasaba tangu miaka ya 1790, hivyo tangazo la mwaka 1865 likitaja baba, mama na babu wa dume wa mbio, mnunuzi aliweza kuhakikisha. Kwa farasi wazito haikuwa hivyo. Chama cha farasi wa Clydesdale kiliundwa Uskoti mwaka 1877, na chama cha farasi wa kukokota wa Uingereza kikafuata mwaka 1878. Kabla ya hapo, maneno «dume safi wa Clydesdale» yalisimama juu ya heshima ya aliyeyasema tu.

Baada ya hapo utaanza kuona namba katika mabano baada ya jina, kwa mfano Darnley (222) au Prince of Wales (673), madume wawili wa Uskoti ambao damu yao ilisifiwa mno. Namba hiyo ni ya kitabu cha nasaba. Tangazo la miaka ya 1880 linalomtaja babu maarufu pasipo namba linastahili kusomwa kwa uangalifu.

Hatua ya tano: sifa za mwili na picha

Hapa tupite upesi. Kimo cha 16.2 si desimali. Ni viganja 16 na inchi 2, kila kiganja kikiwa inchi 4, yaani takribani sentimita 168. Sifa za mifupa, kwato na upole zilirudiwa kwa kila dume. Picha ya farasi iliyo juu ilikuwa chapa ya mbao ya mchapishaji, ikitumika kwa farasi yeyote. Usiitumie kama ushahidi.

Hatua ya sita: rudi mwaka unaofuata

Mtafute dume yuleyule msimu uliofuata. Je, ameongezeka mwaka mmoja au bado ni wa miaka sita? Ada imepanda? Amehamishiwa wilaya nyingine? Mwenye dume alikuwa na sababu nzuri ya kumhamisha baada ya misimu michache, maana binti zake mwenyewe walikuwa wameanza kukomaa katika mashamba yale. Anayejitokeza kila mwaka katika wilaya mpya, kwa ada inayoshuka, ana habari nyingine.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Njombe anauliza: Mbona watu waliendelea kumwamini dume ambaye watoto wake hawajaonekana bado?

Hawakumwamini kwa kiwango kilekile, na ada huonyesha hivyo. Dume mgeni aliuzwa kwa jina la baba yake. Mfano mzuri ni Musket, farasi wa mbio aliyeletwa New Zealand kutoka Uingereza mwaka 1878 na kufa mwaka 1885. Mwanawe Martini-Henry alishinda Melbourne Cup, mbio kubwa za farasi za Australia, mwaka 1883, na mwingine, Carbine, aliyezaliwa mwaka uleule baba alipokufa, akaishinda mwaka 1890. Sifa kubwa ya Musket ilifika baada ya kifo chake, na waliofaidika katika matangazo ni wenye wanawe.

Mwanachama wa Eldoret anauliza: Walowezi wa kwetu nao walikuwa na wakulima wa ngano. Kwa nini hatusikii habari za madume wa kulimia Uasin Gishu?

Shikamoo mzee, na ahsante. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walikuja kwa magari ya kukokotwa na maksai, na maksai ndio waliobaki kwenye jembe. Afrika ya Mashariki ina maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi, na mbung'o huleta nagana katika maeneo mengi. Mlowezi wa Kenya alifuga farasi kwa kupanda, kwa mbio na kwa polo, akiogopa kila majira ya mvua. Kulima shamba zima kwa farasi kungekuwa kuweka mtaji wake mbele ya visubi. New Zealand haikuwa na maradhi hayo.

Mwanachama wa Tanga anauliza: Ardhi ambayo saisi aliipitia ilikuwa ya nani?

Swali hili lingepaswa kuwa la kwanza. Sehemu kubwa ya Kisiwa cha Kusini ilichukuliwa kutoka kwa Ngāi Tahu, kabila la Wamaori, wenyeji wa New Zealand, kwa hati ya mwaka 1848, ekari zipatazo milioni 20 kwa pauni 2,000, na akiba za ardhi walizoahidiwa wenyewe hazikutengwa kwa kiasi walichoahidiwa. Wamaori walijua farasi mapema, wakawafuga na kuwauza, hivyo usidhani kwamba kila mwenye jike alikuwa mlowezi. Unapochora njia ya saisi, andika majina ya Kimaori ya mito na nyanda kama yalivyo katika tangazo, Taieri, Tokomairiro, Waitaki, kisha weka ramani ya akiba za Ngāi Tahu juu yake. Utaona ni vituo vingapi vilivyo nje ya akiba hizo, na jinsi akiba zenyewe zilivyo ndogo.