Kabla ardhi haijatikisika Dar: mambo ya kuzingatia nyumbani

Agosti 12, 2020, majira ya saa mbili na robo usiku, Dar es Salaam ilitikisika. Tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilianzia chini ya bahari, kusini-mashariki mwa jiji, na watu waliokuwa ghorofani wakashuka ngazi mbio. Wengi walishangaa, kwa kuwa tumezoea kusikia matetemeko ni mambo ya Bukoba au Rukwa.

Lakini mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, hayasumbuki pembezoni tu. Katikati yake mna nyufa za kale ambazo, zikivutwa kwa muda mrefu, huteleza ghafla. Kuna nyufa za namna hiyo chini ya bahari, kati ya pwani yetu na Madagaska. Kwingine joto la kina kirefu hutoboa bamba katikati. Ndivyo visiwa vya Hawaii na Réunion vilivyozaliwa. Na hapo Mayotte, kisiwa jirani na Komoro, baada ya mfululizo wa matetemeko ulioanza 2018, ikagundulika volkano mpya iliyoinuka zaidi ya mita 800 kutoka sakafu ya bahari. Dar haina volkano, kwa hiyo lava isikunyime usingizi. Cha kuangalia ni nyumba yako.

Anza na ufunguo. Usiku tunafunga mlango wa grili kwa kufuli, madirisha nayo yana nondo, halafu ufunguo unabaki kwenye mfuko wa suruali ya baba au chini ya mto wa mama. Umeme ukikatika katikati ya mtikisiko, nani ataupata? Utundikeni mahali pamoja, karibu na mlango lakini mbali na mkono wa mwizi, na kila mtu, hata mtoto na dada wa kazi, ajue kuufikia gizani.

Kisha tazama juu. Simtanki ya lita 1,000 ikijaa ina uzito wa tani moja, na mara nyingi imepandishwa kwenye mnara wa nguzo nyembamba, pengine juu kabisa ya chumba wanacholala watoto. Mwite fundi anayeaminika akague nguzo na nondo zake. Kama zege limemeguka na kutu inaonekana, punguza maji leo, kisha hamisha tanki. Nyufa za ukutani zinazopita kwenye lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha) au nguzo mwonyeshe mhandisi. Kuzipaka rangi ni kujificha. Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo bila tetemeko lolote, likaua watu.

Kabati refu lifungwe ukutani kwa skrubu, na mtungi wa gesi usimame imara, mahali unapoweza kuufunga haraka. Namba 114 ya Zimamoto iandikwe ukutani pia, maana simu huzima chaji.

Ardhi ikianza kucheza, usikimbilie lifti wala ngazi. Inama, ingia chini ya meza imara, shikilia mguu wake mpaka mtikisiko utulie, ndipo mtoke na kukaa mbali na kuta na nyaya za umeme. Msirudi ndani kuchukua vitu, kwani mitikisiko midogo hufuata na huangusha kilichokwisha kulegea. Wanaoishi kwenye mchanga na tope, kama bonde la Msimbazi, watatikiswa zaidi kuliko walio kwenye ardhi ngumu.

Wa Kigamboni, Kunduchi na Msasani mna jambo moja zaidi. Desemba 26, 2004, tsunami iliyoanzia Indonesia, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka hapa, ilichukua saa kadhaa kufika na bado ikaua watu wasiopungua 10 nchini. Mnajua saa za kupwa na kujaa. Maji yakikimbia ufukweni nje ya saa zake, au mkitikiswa kwa nguvu mkiwa pwani, msishuke kuokota samaki wala kupiga picha. Pandeni mwinuko hapo hapo bila kungoja tangazo, na mkae huko hata wimbi la kwanza likipita, kwa kuwa la pili au la tatu laweza kuwa kubwa zaidi.