Kabla Hujasema "Auzwe": Namna ya Kubishana Kuhusu Timu ya Besiboli Inayoboronga

Mimi ni fundi viyoyozi na shabiki wa Los Angeles Angels, mambo mawili yanayomzoeza mtu kukaa muda mrefu mbele ya kitu kilichokataa kufanya kazi. Tukitoka uwanjani Anaheim usiku, kabla hata gari halijachomoka kwenye foleni ya maegesho kuingia barabara ya 57, shemeji yangu keshaanza: "Auzwe!" Nani auzwe, hutegemea nani kaharibu usiku huo. Kwa miaka mingi nami nilijibu kwa moto uleule, tukafika nyumbani koo zimekauka na hakuna aliyeambulia kitu. Siku hizi bado tunabishana, tena zaidi, ila kwa utaratibu. Nauandika hapa kwa yeyote mwenye timu inayompandisha presha na mtu wa kubishana naye.

Taja mwaka kabla ya kutaja jina

Mteja akiniuliza, "Fundi, nibadilishe kompresa au ninunue mtambo mpya?" simjibu papo hapo. Namuuliza kwanza anategemea kukaa kwenye nyumba ile hadi lini. Anayehama mwakani na anayetaka kuzeekea pale wanaweza kuwa na ubovu uleule kabisa, na bado nikawapa ushauri tofauti. Kikosi nacho ni hivyohivyo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ndani ya gari letu: huruhusiwi kutaja mchezaji kabla hujataja mwaka unaotaka timu ishinde. Mwaka mmoja, tarakimu nne. "Haraka iwezekanavyo" si mwaka.

Utashangaa ni mabishano mangapi yanaishia hapo. Mara nyingi mimi na shemeji hatukuwa tukitofautiana juu ya mchezaji hata kidogo. Yeye alikuwa kwenye msimu huu, mimi niko miaka mitatu mbele, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui mchezo.

Somo hili nililipata kwa aibu, Julai 2023. Mkataba wa nyota wetu Shohei Ohtani ulikuwa unaisha mwisho wa msimu. Nyota mwenzake, Mike Trout, alikuwa nje tangu mwanzoni mwa mwezi kwa kuvunjika mfupa wa mkono. Timu ilikuwa na ushindi mwingi kidogo kuliko vipigo, na mtoano ulionekana kwa mbali, kama taa ya baiskeli. Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ilikuwa inakaribia: ama wamtoe Ohtani wapate chipukizi wa kujengea, ama wambakize na kuongeza nguvu. Uongozi ukambakiza. Ukawatoa chipukizi wawili, mdakaji Edgar Quero na mrushaji Ky Bush, kwenda Chicago White Sox ili kuwapata warushaji Lucas Giolito na Reynaldo López, ambao nao mikataba yao ilikuwa inaisha mwaka huohuo.

Nilishangilia. Nilimwambia shemeji kwamba Mungu akikupa mtu anayerusha na kupiga kwa kiwango kile, unamng'ang'ania hadi dakika ya mwisho. Agosti ikafunguka kwa vipigo saba mfululizo. Tarehe 23 Ohtani akaumia kano ya kiwiko. Kabla mwezi haujaisha, Giolito, López na wenzao kadhaa wakaachiwa wachukuliwe na timu yoyote iliyowataka, na sisi hatukupata mchezaji hata mmoja kwa badala yao. Tukamaliza na ushindi 73 na vipigo 89. Desemba Ohtani akasaini na Dodgers, majirani zetu, miaka 10 kwa dola milioni 700, akahamia upande wa pili wa barabara kuu.

Kumpenda Ohtani hakukuwa kosa. Nilikosea kwa kutotaja mwaka. Ningelazimishwa kusema "2023" kwa sauti, lingefuata swali ambalo sikutaka kuulizwa: kikosi hiki, bila Trout, kinatosha 2023? Na kama jibu ni hapana, tunamng'ang'ania kwa ajili ya mwaka gani?

Washington Nationals walikuwa wamepita njia nyingine mwaka mmoja nyuma. Agosti 2022 walimpeleka Juan Soto, kijana wa miaka 23, kwa San Diego Padres akiwa bado amebakiza zaidi ya miaka miwili ya kuwa mali yao, na miongoni mwa waliowapata ni CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood. Wote watatu wameshachaguliwa kwa mchezo wa kila mwaka wa nyota wa ligi. Shemeji hachoki kunikumbusha kwamba pamoja na vijana hao Nationals walipoteza michezo 96 mwaka 2025. Ni kweli, na ndiyo maana mfano huu naupenda: ukichagua mwaka wa mbali, hakuna anayekuhakikishia kwamba utafika. Lakini wao walibaki na wachezaji watatu, sisi tukabaki na nafasi moja ya ziada kwenye drafti, ule uchaguzi wa kila mwaka ambapo klabu hupokezana kuchagua chipukizi wapya.

Hakikisha kwanza kwamba timu ni mbovu kweli

Kuna timu inayoboronga na kuna timu iliyopatwa na mkosi, na tiba zao ni tofauti kama gesi iliyovuja na waya uliochomoka. Jedwali la msimamo halikuonyeshi ipi ni ipi. Mikimbio, yaani pointi za besiboli, inakuonyesha.

Hesabu yake aliibuni Bill James, na unaweza kuifanya kwenye simu ukiwa umekaa kiti cha abiria. Chukua mikimbio ambayo timu yako imefunga, izidishe kwa yenyewe. Chukua iliyofungwa na wapinzani, nayo izidishe kwa yenyewe. Gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, kisha zidisha kwa 162, idadi ya michezo ya msimu. Unapata ushindi ambao timu ya namna hiyo kwa kawaida ingestahili.

Jaribu na Padres wa 2023. Walifunga 752, wakafungwa 648. Ukikokotoa unapata ushindi 93. Ushindi halisi ulikuwa 82, na mtoano hawakuuona. Kilichowaua ni michezo ya karibu: katika iliyoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 9 wakapoteza 23, na iliyopitiliza awamu tisa za kawaida walishinda 2 wakapoteza 12. Mashabiki wao walikuwa na kila sababu ya kupiga kelele zivunjwe kuta. Mwaka uliofuata Padres, hata baada ya kumtoa Soto kwenda Yankees, walishinda michezo 93.

Sisemi kila mwaka inatokea sawasawa namna hiyo. Lakini ukikuta hesabu imeizidi timu yako kwa ushindi nane au kumi, nyamaza kidogo kuhusu kubomoa. Ukikuta inalingana na msimamo, basi huna pa kujificha. Sisi wa Angels 2023 tulifungwa mingi kuliko tuliyofunga, na mkosi haukuwa na la kujibu.

Soma mkataba kabla ya kusoma umri

Hapa ndipo mabishano mengi ya besiboli yanapokufa kwa ujinga, nami nimeyaua mengi. Watu wanabadilishana wachezaji vichwani mwao kama karata, wakati nusu ya karata hizo haziwezi kutoka mkononi.

Mfano wa karibu ni huyohuyo Trout. Mwaka 2019 alisaini mkataba wa dola milioni 426.5 unaofika mwisho wa 2030, na ndani yake ana haki ya kukataa kupelekwa timu yoyote. Kwa hiyo anayesema "auzwe Trout" anatoa pendekezo ambalo mtu wa kulijibu ni Trout mwenyewe. Anthony Rendon ndiye wa upande mwingine: miaka saba, dola milioni 245, kuanzia 2020, na katika msimu wowote akiwa nasi hakuwahi kufikisha michezo 60. Mashabiki walipiga kelele apelekwe kwingine. Nani angempokea na mshahara ule? Unauliza swali hilo moja, kelele zinapungua.

Kwa vijana, cha kutazama ni saa yao. Mchezaji akishapanda ligi kuu, saa inaanza kuhesabu. Miaka kama mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Inafuata miaka ya usuluhishi wa mshahara, ambapo wasipoelewana na klabu wasuluhishi huamua. Akitimiza miaka sita ya utumishi, yuko huru. Basi kumpandisha kijana ni uamuzi wa kalenda kama ulivyo wa kipaji.

Angels walimchagua Nolan Schanuel kwenye drafti Julai 2023, na Agosti ya mwaka huohuo alikuwa anacheza Anaheim, katikati ya ule mporomoko niliousimulia. Nilimpenda siku ya kwanza kwa jicho lake: harushi gongo kwenye mpira mbaya. Lakini siku zile za Agosti, timu ikizama, zilihesabiwa kwenye saa yake kama ambavyo zingehesabiwa timu ikiongoza ligi. Shemeji anasema kijana aliye tayari achezeshwe. Mimi nasema: tayari kwa mwaka upi? Hili hatujalimaliza.

Jambo dogo la orodha, nisilirefushe. Uwanjani kuna kikosi cha watu 26, nyuma yake orodha ya 40. Aliye kwenye ile 40 anaweza kurudishwa ligi ndogo katika misimu mitatu. Ikiisha, klabu haiwezi kumrudisha bila timu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua. Ukiona mpigaji wa wastani amebaki kikosini na kijana unayemtaka ameshushwa, angalia hilo kabla hujamtukana kocha.

"Tuboronge kabisa tupate drafti"

Kila timu mbovu ina shabiki wa namna hii, anayejua kwamba kwenye drafti timu mbovu huchagua mapema, na ushahidi wake anao mfukoni. Houston Astros walipoteza michezo 106, 107 na 111 kati ya 2011 na 2013, wakawa mabingwa 2017 (ubingwa uliokuja kuchafuka kwa kashfa ya kuiba ishara za siri ambazo wadakaji huwapa warushaji). Chicago Cubs walipoteza 101 mwaka 2012, na 2016 wakatwaa taji walilolisubiri tangu 1908. Baltimore Orioles walipoteza 115 mwaka 2018, wakashinda 101 mwaka 2023.

Mpe heshima yake, kisha mwongezee haya. Orioles wale wa ushindi 101 walitolewa na Texas Rangers bila kushinda mchezo hata mmoja wa mtoano, mwaka uliofuata Kansas City Royals wakawatoa vilevile, na 2025 walipoteza michezo 87. Na sheria zimebadilika: tangu drafti ya 2023 nafasi sita za juu zinapatikana kwa bahati nasibu. White Sox walipoteza michezo 121 mwaka 2024, rekodi ya zama za sasa, wakachagua wa 10 kwenye drafti iliyofuata, kwa sababu klabu ya jiji kubwa kama yao hairuhusiwi kuingia kwenye bahati nasibu hiyo miaka miwili mfululizo. Vipigo 121, nafasi ya 10. Nikimtajia shemeji hilo huwa anaongeza sauti ya redio.

Kocha

Sina mengi. Juni 2022, ndani ya siku tano, Philadelphia Phillies walimfukuza Joe Girardi na Angels wakamfukuza Joe Maddon. Phillies wakafika World Series, fainali ya ubingwa. Sisi tukarefusha mkosi wetu hadi vipigo 14 mfululizo na kumaliza na ushindi 73. Phillies walikuwa na Bryce Harper, Zack Wheeler, Kyle Schwarber na Aaron Nola. Mtu akisema "kocha aondoke", mwambie sawa, halafu mrudishe kwenye kikosi.

Weka daftari

Ushindi kwenye mabishano ya namna hii hauji usiku huohuo, na kumbukumbu ya shabiki ni mwongo mkubwa. Kama si daftari, leo ningeapa mbele yako kwamba Julai 2023 nilitaka Ohtani auzwe. Kwa hiyo kwenye kidroo cha gari tuna daftari la karatasi lenye madoa ya mafuta. Kila mwisho wa msimu kila mmoja anaandika mwaka wake, majina matatu ambayo hayaguswi na jina moja analoliachia. Anaandika na tarehe. Hakuna kufuta. Anayefungua ukurasa wa zamani kumsuta mwenzake ni lazima asome na wa kwake kwa sauti.

Septemba 2025 tulimaliza mkiani mwa kundi letu, ushindi 72. Shemeji aliandika 2026, kama aandikavyo kila mwaka "mwakani", kwa herufi kubwa, akapigia mstari. Mimi niliandika 2028: Schanuel na Zach Neto watakuwa bado ndani ya miaka yao sita. Chini yake, kwa kuwa sheria inasema kila jina liandikwe na umri wake wa mwaka huo, nikaandika Trout, 37. Shemeji akachungulia, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Tulikuwa tumeshafika kwake, na dada yangu alikuwa ameshawasha taa ya barazani.