Namna ya kuandaa kisa cha mgonjwa wa kupangwa meno ili wenzako wapate cha kujadili

Niko Malindi, kazi yangu kupanga meno. Wagonjwa wangu wengi ni wa hapa mjini, Watamu na Gede, lakini wapo wanaovuka kwa mashua kutoka Lamu hadi Mokowe, kisha basi la Witu na Garsen, ili nibadilishe waya kwa dakika ishirini. Ukikwama na kesi huku, mwenzako wa kumuuliza mara nyingi yuko mbali, na atakachokiona ni kile ulichomtumia tu. Kwangu mimi, kisa kizuri ni kile kinachompa mwenzako nafasi ya kukwambia kwamba umekosea. Hatua zote hapa chini zinafuata hilo.

Hatua ya 1: Anza na swali

Wengi hutuma tabasamu la siku ya kutoa braketi, vile vidude vinavyobandikwa kwenye meno ili kushika waya. Pongezi zinamiminika, hakuna aliyejifunza. Andika kwanza swali lako kwa sentensi moja au mbili. Langu la karibuni: "Msichana wa miaka 11, jino la chonge la juu kushoto halijatoka, na nikipapasa ufizi upande wa shavu silisikii, eksirei inalionyesha limelalia upande wa kaakaa. Ning'oe chonge la utotoni nisubiri, au nimpeleke kwa upasuaji?" Swali kama hilo lina majibu zaidi ya moja, na kila jibu lina sababu zake.

Hatua ya 2: Omba idhini kabla ya kushika kamera

Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na kwa mtoto anayekubali ni mzazi au mlezi. Kukubali matibabu ni jambo moja, kupigwa picha za faili ni la pili, picha hizo kuonwa na madaktari wengine ni la tatu. Kila moja liwe na sahihi yake, na mzazi ajue kwamba anaweza kubadili nia.

Mama mmoja aliniuliza, "Daktari, hizo picha za mwanangu zitafika wapi?" Nikamwonyesha picha za meno yangu mwenyewe, ambazo msaidizi wangu alinipiga kwa ajili ya maswali kama hayo. Akazitazama moja moja. "Za meno sawa, daktari. Za uso hapana." Tukaandika hivyohivyo, na kisa kikaenda bila uso.

Hatua ya 3: Kumbukumbu za siku ya kwanza

Hapa usiharakishe, kwa sababu siku hii hairudi. Ukishabandika braketi, meno ya mwanzo yamepotea.

Picha za uso ni tatu: ametulia, ametabasamu, na ubavuni. Za mdomoni ni tano: mbele, kulia, kushoto, meno ya juu na ya chini kwa kioo. Kioo kikiwa baridi hushika ukungu wa pumzi papo hapo, kwa hiyo kitumbukize kwenye maji ya vuguvugu, kifute, na mwambie mtoto apumue kwa pua. Lowesha vile vyombo vya plastiki vya kuvutia midomo, visimkwaruze.

Mtoto akiona kamera inamkaribia, husukuma taya la chini mbele. Ukipiga hapo, meno ya juu yaliyochomoza milimita 8 yataonekana kama 4, na mwenzako atakushauri kuhusu mdomo usiokuwepo. Mwambie aguse kaakaa kwa ncha ya ulimi, ameze mate, aume magego. Ndipo upige, kamera ikiwa sawa na meno, si kutoka juu.

Picha ya ubavuni hutaka sikio lionekane. Wasichana wetu wengi huvaa mtandio, nami simwombi mtu avue kwa ajili ya mjadala wa madaktari. Eksirei ya ubavuni ya fuvu hunipa pembe ninazozihitaji.

Hatua ya 4: Ondoa utambulisho

Miaka kadhaa nyuma nilituma picha nimeziba macho kwa mstari mweusi, nikadhani nimemaliza. Beji ya sweta ya shule ilikuwa inaonekana. Jioni ileile mwenzangu akaniandikia faraghani: "Huyu si mtoto wa jirani yetu?" Nilimpigia baba yake, nikamweleza, nikaomba radhi. Kuziba macho hakutoshi popote, na mji mdogo ndio kabisa.

Kata picha ibaki sehemu inayohitajika. Angalia pembe za eksirei, jina na tarehe ya kuzaliwa huandikwa humo. Futa data iliyofichwa ndani ya faili, maana simu huhifadhi tarehe na mahali picha ilipopigwa. Na mtaa usiutaje: "safari ya siku nzima" inatosha.

Hatua ya 5: Andika vipimo, na umbali pia

Umri, kundi la Angle (namna magego ya juu na ya chini yanavyokutana), milimita, pembe za taya, aina ya waya. Haya yanajulikana. Linalosahaulika ni umbali. Mgonjwa anayekuja kila baada ya wiki kumi si sawa na wa kila wiki nne. Kwa wa mbali mimi hutegemea waya wa nikeli na titani mwanzoni, kwa kuwa unasukuma polepole kwa muda mrefu. Usipoandika hivyo, mwenzako atadhani umezembea.

Hatua ya 6: Leta utafiti pamoja na mipaka yake

Kwa yule msichana niliambatanisha utafiti wa Ericson na Kurol wa Sweden, wa 1988. Waliwang'oa watoto wa miaka 10 hadi 13 chonge la utotoni, na kati ya meno 46 yaliyoelekea kaakaani, 36 yalirudi kwenye njia yake. Jino likiwa halijavuka katikati ya mzizi wa jirani yake, matokeo yalikuwa mazuri zaidi: asilimia 91, dhidi ya 64 kwa yaliyovuka. Lakini hawakuwa na kundi la kulinganisha ambalo halikung'olewa, na hilo nililiandika kwenye mstari uleule. Ukitaja 36 kati ya 46 peke yake, unamsukuma msomaji mahali unapotaka wewe.

Hatua ya 7: Tuma, kisha rudi

Kwenye WhatsApp tuma picha kama dokumenti, vinginevyo zinabanwa na ufizi hauonekani vizuri. Weka tarehe ya kurudi na majibu. Mimi niliandika "miezi 12, kwa eksirei mpya". Nilipoipiga, jino lilikuwa limesogea, ila si kwa kiasi nilichotaraji, na mwenzangu aliyependekeza upasuaji tangu mwanzo aliiona picha hiyo siku ileile niliyoiona mimi.