Gari Lako au Usafiri wa Kuita kwa Simu: Namna ya Kupiga Hesabu kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Kabla hujaanza kuulizia bei za magari, tumia mwezi mzima kuandika kila safari unayofanya, umbali wake na nauli uliyolipa. Programu za kuita gari kama Bolt hutunza kumbukumbu za safari, kwa hiyo sehemu hiyo ya kazi ni nyepesi. Zinazosahaulika ni safari za daladala, mwendokasi, bajaji, bodaboda na lifti za wenzako, nazo ziandike zote. Mwezi ukiisha, jumlisha kilomita pamoja na shilingi, maana kilomita ndizo zitakazokuonyesha njia iliyo nafuu kwako.

Gari hula fedha hata likiwa limeegeshwa uani. Tuchukulie Toyota IST iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 15, ambayo mwenyewe anatarajia kuiuza kwa milioni 9 baada ya miaka 5: hapo thamani yake inapungua kwa shilingi 100,000 kila mwezi, fedha ambayo wengi hawaihesabu kwa sababu haitoki mfukoni siku hiyohiyo. Weka shilingi 50,000 kwa mwezi kwa ajili ya bima kubwa, na 100,000 nyingine kwa ajili ya sevisi, tairi, betri na spea, na utaona kwamba gari limekwishakugharimu 250,000 kabla hujaingia kituo cha mafuta. Likitumia lita moja kwa kilomita 10 kwenye foleni, na petroli ikiwa shilingi 3,000, kila kilomita ni shilingi 300. Bei halisi ya mafuta chukua kwenye tangazo la EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, linalotoka kila mwezi.

Sasa linganisha. Kama gari la kuita kwa simu linakugharimu takribani shilingi 1,000 kwa kilomita, gari lako linaokoa 700 katika kila kilomita, na ukigawa 250,000 kwa 700 unapata kama kilomita 360 kwa mwezi. Chini ya hapo, kuita usafiri ni nafuu. Juu ya hapo, gari lako linaanza kujilipa. Lakini kama mara nyingi unaita bajaji kwa shilingi 600 kwa kilomita, tofauti inashuka hadi 300 na mpaka huo kati ya kuita na kumiliki unapanda kupita kilomita 800. Weka namba zako mahali pa hizi za mfano, ila usiache kipengele chochote.

Mkazi wa Sinza anayefanya kazi Mwenge haufikii mpaka wa kilomita 360 kirahisi, ilhali anayetoka Bunju kwenda Posta kila siku huuvuka kabla wiki ya pili haijaisha. Kuna pia anayekaa karibu na barabara ya mwendokasi, kwa mfano Kimara, ambako mabasi hayo yalianza kwenda Kivukoni na Gerezani mwaka 2016. Huyo asizihesabu kilomita za kazini kama sababu ya kununua gari. Apande basi asubuhi na jioni, aite gari usiku au anapokuwa na mizigo. Kwa maoni yangu, mpango huo ndio unaomfaa mtu asiye na watoto wadogo kuliko kununua gari au kuita gari kwa kila safari.

Hesabu ikishakamilika, jaribu huduma yenyewe katika hali ngumu. Ita gari kutoka nyumbani kwako saa 12 asubuhi wakati wa masika, na ufanye hivyo zaidi ya mara moja. Kama nyumba iko ndani kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, dereva huweza kupiga simu, akauliza unaelekea wapi na kama unalipa taslimu, kisha akaifuta safari huku wewe umesimama getini na begi mkononi. Hali hiyo ikijirudia, na kuna mtoto wa kuwahisha shuleni au mgonjwa nyumbani, gari lina thamani ambayo kilomita hazionyeshi. Usitegemee programu moja pia: mwezi Aprili 2022 Uber, programu nyingine ya kuita gari, ilisitisha huduma zake nchini kutokana na masharti ya nauli na kamisheni yaliyowekwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na haikurejea hadi mwaka uliofuata.

Ukiamua kununua, usidanganyike na bei ya gari likiwa bado Japani. Kodi hutegemea umri wa gari na ukubwa wa injini, na gari kuukuu hutozwa zaidi, kwa hiyo tumia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujalipa chochote. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, lakini ushuru wa maegesho mjini bado upo, na anayetokea Kigamboni akipitia darajani aongeze tozo yake. Kama utanunua kwa mkopo, riba iingie kwenye zile 250,000.

Kisha, kwa miezi 3 mfululizo, weka benki kiasi chote ambacho gari lingekula kwa mwezi, mafuta yakiwemo, ukipunguza humo nauli unayolipa sasa. Ukishindwa kukifikisha mwezi wa pili, ahirisha ununuzi. Ukikifikisha, fedha hiyo iache iwe akiba ya matengenezo ya kwanza, ambayo kwa gari lililokwishatumika huja mapema.