SOMO: Kutafsiri "husk" bila kuchanganya kumbi, kumvi na pumba

Swali ni lile lile kila mara: husk kwa Kiswahili ni nini? Jibu la neno moja halipo. Kiingereza hulitumia kwa ganda kavu la nje la mbegu au tunda lolote, nasi tuna jina kwa kila zao. Naandika mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

1. Tafuta zao. Hujalijua, usitafsiri.

2. Chagua jina. Nazi ni kumbi. Mpunga ni kumvi. Mahindi ni yale maganda ya majani yanayofunika hindi zima.

3. Tenga majirani. Shell ya nazi ni kifuu, kilichomo ndani ya kumbi. Bran ni pumba, zinazotoka nafaka ikikobolewa. Chaff ni makapi yanayopeperuka ukipepeta. Pod ni ganda la kunde au maharage. Hull ya mpunga ni kumvi hiyo hiyo, lakini hull ya stroberi ni vijani vya kijani kwenye kikonyo.

4. Angalia kitenzi. Hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika. To husk ni KUTOA ganda, si kuwa nalo. Kwa hiyo husked rice ni mchele uliokwisha kutolewa kumvi, ukiwa bado na tabaka la pumba. Wenye kumvi ni unhusked, yaani mpunga. Ukigeuza, umeharibu hesabu ya mtu, kwa kuwa kumvi ni takriban 20% ya uzito wa mpunga. Shelled groundnuts nazo ni karanga zilizobanguliwa. Kila zao lina kitenzi chake: nazi hufuliwa, mahindi humenywa maganda. Tahadhari: to shell maize si kumenya, ni kupukuchua punje kwenye gunzi.

5. Soma tena ukijiuliza: ganda lipo au limetoka?

MASWALI

Swali: Kwa hiyo husk ni pumba?
Jibu: Hatua ya 2 na ya 3.

Swali: Nimesoma, ila kamusi yangu inasema "ganda" tu. Kuna ubaya nikitumia hilo kila mahali?
Jibu: Ganda la mpunga litaeleweka. Ganda la nazi halieleweki: msokota kamba anataka kumbi, mchoma makaa anataka kifuu. Panapokuwa na maganda mawili, taja jina lenyewe.

Swali: Psyllium husk je? Si nazi wala nafaka.
Jibu: Umeuliza vizuri. Ni ganda la mbegu ya mmea uitwao Plantago ovata. Andika "ganda la mbegu za sailiamu", usiandike pumba. Na sentensi ya kunywa maji mengi, iliyo kwenye maelekezo ya kulitumia, isikuponyoke: ganda hilo hufyonza maji, likavimba na kuwa ute, na bila maji ya kutosha linaweza kumkaba mtu kooni.

Swali: Husky voice ni sauti ya makapi?
Jibu: Hapana. Sauti nzito yenye mkwaruzo. Usitafsiri neno ukaacha sentensi.

Swali: Coir nayo ni kumbi?
Jibu: Ni usumba, nyuzi zinazotolewa kwenye kumbi. Maelekezo ya bustani yakitaja husk chips, hivyo ni vipande vya kumbi; usumba ni nyuzi tupu. Vipande huacha nafasi kubwa za hewa kwenye mizizi, basi usiweke kimoja mahali pa kingine.