Kabla hujaezua paa la zamani: somo la kukagua asbesto, na maswali yenu

Hela ya korosho ikishaingia, simu yangu haipumziki. Mmoja wa Ligula, hapa Mtwara, anataka kuezua nyumba aliyoachiwa na baba yake aweke bati la rangi, mwingine wa Shangani anataka kushusha dari apige jipsamu. Wote wanataka kazi iishe kabla mvua haijakolea. Siku hizi sianzi na bei. Nauliza kwanza: hilo paa liliezekwa lini, na bati lake ni la chuma au la simenti?

Nilipokuwa saidia fundi tulikuwa tunakata bati za simenti kwa grenda kutwa nzima, kitambaa kimefungwa puani. Tukishuka weupe kama watu wa mashine ya kusaga, tunachekana. Hakuna aliyetuambia kwamba vumbi lile lina nyuzi za asbesto, madini yaliyokuwa yakichanganywa na simenti kutengeneza bati, nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, na zikishazama kwenye mapafu nyingi hazitoki. Mapafu hukakamaa, au huja saratani ya mapafu, au ile ya utando wake iitwayo mesothelioma. Mara nyingi huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Mimi bado nahesabu.

Hatua ya 1: Tafuta umri wa paa, si wa nyumba

Hapa wengi wanakosea. Nyumba ya Mikindani ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti inaweza kuwa na umri wa babu wa babu yako, na kuta zake zisiwe na shida hii kabisa. Ila paa lake huenda lilibadilishwa mara mbili. Lindi nako, kimbunga cha Aprili 1952 kiliharibu majengo mengi, kwa hiyo kuta na paa vinaweza kuwa vya enzi tofauti. Nyumba za kuzitilia shaka zaidi ni zilizojengwa au kuezekwa upya kati ya miaka ya 1940 na 1980: nyumba za watumishi, maghala, madarasa, na zile za Nachingwea za wakati wa mpango wa karanga wa Waingereza. Waulize wazee. Mzee aliyeishi pale anakumbuka bati lilipofika kuliko karatasi yoyote.

Hatua ya 2: Tazama ukiwa chini

Usipande. Bati la asbesto likizeeka halibebi mtu, na fundi akilikanyaga katikati ya papi (mbao zinazobeba bati) anapita nalo hadi sakafuni. Asbesto inaua kwa miaka, anguko linaua leo.

Bati hilo ni la kijivu, lina migongo minene, unene wake kama milimita 6, wakati bati la chuma halifiki hata milimita 1. Halina kutu, ila lina ukungu mweusi na kuvu. Limefungwa kwa bolti za ndoana zilizopita kwenye matundu yaliyotobolewa. Tazama pia dari za shiti bapa ngumu, mabomba ya maji ya zamani, gata na matangi.

Kwa macho hutapata jibu kamili. Ziko shiti za simenti za baadaye zisizo na asbesto, na zinafanana nazo kama mapacha. Ukiwa na shaka, ichukulie kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo.

Hatua ya 3: Jiulize kama kuna haja ya kuigusa

Bati zima, lisilomomonyoka, halitoi vumbi la kutisha. Liache. Kama ukarabati wako ni jiko na choo, paa halikuhusu.

Hatua ya 4: Sampuli

Kwanza tafuta kipande kilichokwisha kudondoka chini ya ukingo wa paa. Kama hakipo, zima feni, toa watu, tandika nailoni. Vaa barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini sana. Zile za bluu za hospitali hazizuii nyuzi hizi. Nyunyizia maji yenye sabuni kidogo mpaka palowe, kisha mega kona ya ukubwa wa kucha ya dole gumba kwa koleo. Weka kwenye mfuko, ufunge, uweke kwenye mfuko wa pili, uandike. Futa kwa kitambaa kibichi na ukitupe pamoja na nailoni. Paka rangi pale ulipomega. Afisa mazingira wa halmashauri ndiye wa kukuelekeza maabara.

Hatua ya 5: Ikithibitika

Asbesto ni taka hatarishi. Kabla ya kuezua ulizia NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) kuhusu kibali na mahali pa kuitupa. Usiipeleke dampo la kawaida wala kuifukia uani.

Maswali

*Shikamoo fundi. Tunakinga maji ya mvua kwenye paa hilo. Tuache?*

Marahaba. Hatari iliyothibitika ni ya kuvuta vumbi. Kwa kunywa, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti. Ila tope la kwenye gata msilizoe likiwa kavu. Lilowesheni kwanza.

*Naweza kulipaka rangi tu?*

Unaweza, ikiwa ni zima. Usilisugue kwa brashi ya waya wala kulipiga maji ya presha. Na usilikanyage.

*Jirani kaezua, ananipa bati bure za banda la kuku.*

Mshukuru, ukatae. Utalazimika kuzikata na kuzitoboa. Na kipande usikifanye kinga ya upepo jikoni, kwenye moto kinapasuka kwa kishindo.

*Mume wangu ni fundi wa mapaa, ovaroli zake nafua mimi. Nami nimo?*

Umo, mama. Wako wake wa mafundi waliougua kwa kufua tu. Mwambie avulie kazini, aziloweshe palepale na kuzifunga kwenye mfuko. Ukizipokea tumbukiza majini moja kwa moja, zifuliwe peke yake. Usizikung'ute. Zangu alikuwa anazikung'uta mama, mlangoni, kila jioni.