SOMO: Kuandika programu kwa akili mnemba bila kuharibu hesabu za watu

Habari za wakati huu wadau. Somo la leo ni la sisi tunaoandika programu kwa riziki. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, hakuna harusi wala msiba ninaohudhuria nisiulizwe kama kazi yetu bado ipo. Ipo, ila imehama. Zamani siku nzima iliishia kwenye kuandika msimbo (maelekezo ambayo kompyuta inayafuata). Sasa msimbo unapatikana kwa dakika chache, na kazi iliyobaki ni kusema kwa usahihi unachotaka, kisha kuthibitisha kwamba ulichopewa ndicho hicho.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mfumo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) unaopokea marejesho ya mikopo kwa pesa za simu. Nimeuchagua kwa sababu uliniumiza. Niliiachia zana ya akili mnemba iandike sehemu ya kupokea taarifa za malipo, nikaisoma harakaharaka, majaribio yote yakapita, nikapandisha kwenye seva (kompyuta inayoendesha mfumo). Baada ya wiki mhasibu akanipigia: deni la mwanachama mmoja kwenye mfumo ni dogo kuliko kwenye daftari. Rejesho lake moja lilihesabiwa mara mbili. Mhasibu alizungumza nami kwa upole, lakini usiku ule sikulala. Zile ni akiba za watu wanaouza ndizi na kushona nguo.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kufungua zana

Nusu ukurasa unatosha. Usiandike "tengeneza mfumo wa kupokea malipo". Andika yale ambayo mtu asiyeijua SACCOS yenu hawezi kuyabahatisha.

Kwanza, taarifa ya malipo inaweza kuja zaidi ya mara moja. Mfumo unaotuma usipopata jibu la seva yako kwa wakati, unatuma tena. Namba ya muamala ikiwa ileile, malipo ni yaleyale.

Pili, fedha. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye lugha za programu kama Python au JavaScript uone: inakuja 0.30000000000000004. Kwa hiyo fedha tunaziweka kwa namba nzima. Halafu linafuata swali ambalo halina uhusiano na kompyuta: mkopo wa shilingi 1,000,000 ukigawanywa kwa marejesho matatu, kila rejesho ni 333,333 na inabaki shilingi moja. Inalipwa mwezi gani? Muulize mhasibu. Akili mnemba itakuchagulia jibu bila kukuambia kwamba imechagua, na hapo ndipo mfumo na daftari vinapoanza kupishana.

Tatu, saa. Seva nyingi hutunza muda wa UTC (saa ya kimataifa), na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Mwanachama akilipa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, kwa seva bado ni tarehe 31 Machi, 23:00. Ripoti ya mwezi itatofautiana na ya mhasibu, na aliyechelewa ataonekana amewahi.

Nne, namba za simu. Za Tanzania huanza na 06 au 07, na huja zikiwa na 255 mbele au bila. Nimeshapewa msimbo unaokubali 07 peke yake. Nusu ya wanachama wangegonga mwamba.

Msinichoke kwa kukaa sana hapa. Hatua hii ndiyo kazi yenyewe, nyingine zote zinaifuata.

Hatua ya 2: Ipe muktadha, kisha idai mpango

Zana za akili mnemba kama Claude Code, Cursor na Copilot husoma faili za mradi zenyewe. Weka faili ya maelekezo kwenye folda kuu ya mradi: zana nyingi husoma AGENTS.md, na Claude Code husoma CLAUDE.md. Humo andika sheria za kudumu: fedha ni namba nzima, tarehe zinaonyeshwa kwa saa za Dar es Salaam, maktaba mpya (msimbo uliotayarishwa na wengine) haiongezwi bila kuomba ruhusa.

Kisha sema hivi: "Usiandike msimbo bado. Nipe mpango, na uniorodheshee kila jambo ulilolichukulia kuwa hivyo bila mimi kukwambia." Orodha hiyo isome kwa makini kuliko mpango wenyewe.

Hatua ya 3: Kata vipande vidogo

Kipande kimoja, tawi moja la Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), badiliko unaloweza kulisoma lote ukiwa bado na akili timamu. Ikikuletea mistari elfu moja, irudishe.

Hatua ya 4: Majibu sahihi yatoke kwako

Hapa ndipo nilipoteleza. Niliiambia zana iandike msimbo na majaribio yake. Iliwaza kwamba taarifa huja mara moja, ikaandika msimbo wa taarifa kuja mara moja, ikapima taarifa kuja mara moja. Kila kitu kikawa kijani. Mwanafunzi alijitungia mtihani na akausahihisha mwenyewe.

Siku hizi naandika jedwali kwa mkono kabla ya msimbo: nikituma hiki, nategemea kile. Taarifa ileile mara mbili, deni lipungue mara moja. Taarifa mbili zilezile kwa sekunde moja, deni lipungue mara moja. Malipo ya ziada ya shilingi 500, yaende wapi? (Mhasibu tena.) Zana inaweza kuligeuza jedwali kuwa majaribio, hilo halina shida, mradi namba za upande wa majibu zimetoka kwa mtu anayeijua biashara. Baada ya hapo haribu msimbo kwa makusudi mahali pamoja uone kama jaribio linalia. Lisipolia, halipimi kitu.

Hatua ya 5: Soma ukitafuta kosa

Msimbo wa akili mnemba huwa safi machoni, na usafi huo unalaza macho. Tazama hili. Baada ya kuiambia kuhusu taarifa zinazojirudia, iliniletea: tafuta namba ya muamala kwenye hifadhidata, kama haipo andika malipo. Msimbo huo unaonekana sawa. Lakini taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote zinatafuta, zote zinakuta haipo, zote zinaandika. Dawa ni kuweka sharti la UNIQUE (thamani isijirudie) kwenye safu ya namba ya muamala, ili hifadhidata yenyewe ikatae ya pili, na kuandika malipo na kupunguza deni viwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata: vyote viingie au vyote visiingie.

Angalia pia majina ya maktaba. Zana hizi huweza kutaja maktaba isiyokuwepo kabisa, na wahalifu wanaweza kulisajili jina hilo na kuweka virusi ndani. Kabla ya kusakinisha, ifungue kwenye npm au PyPI (maghala ya maktaba mtandaoni) uone ni ya nani na ina umri gani.

Kipimo changu cha mwisho: kama siwezi kumweleza mwenzangu mstari huu unafanya nini, hauingii.

Hatua ya 6: Weka mipaka

Usibandike kwenye zana hizi majina, namba za simu wala salio la wanachama. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Tengeneza data ya kubuni. Funguo za siri zikae mbali na folda inayosomwa. Na usiipe zana ruhusa ya kuandika kwenye hifadhidata ya wateja. Julai 2025 wakala wa akili mnemba wa Replit (jukwaa la kuandika programu mtandaoni) alifuta hifadhidata hai ya mtumiaji mmoja wakati alikuwa ameambiwa asiguse kitu. Maagizo ya maneno hayazuii kitu, ruhusa ndizo zinazozuia.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WADAU

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo. Kama zana inaandika kila kitu, nisome nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Soma hifadhidata kwa undani, hasa miamala na kinachotokea watu wawili wakigusa rekodi moja. Soma mtandao unavyofanya kazi, na jifunze kufuatilia hitilafu kwenye kumbukumbu za seva. Na kila wiki andika kitu kimoja bila msaada wowote, hata kama ni kidogo. Kosa la hatua ya 5 nililiona kwa sababu miaka ya nyuma nililifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Ukitumia zana kusoma, iambie ikuulize maswali na isikupe jibu mpaka ujaribu.

Swali: Mkuu, niiandikie kwa Kiswahili au Kiingereza?

Jibu: Vyote vinafanya kazi. Kiswahili kwa kawaida hula tokeni (vipande vya maneno ambavyo zana huvihesabu) nyingi zaidi, kwa hiyo anayelipia kwa matumizi ataona tofauti. Mimi maneno ya biashara nayaacha kama wanachama wanavyoyasema, rejesho, riba, dhamana, hisa, na nayafafanua kwenye faili ya maelekezo. Jihadhari na saa: ukiandika "tuma ujumbe saa mbili usiku" inaweza kuelewa 02:00 badala ya 20:00. Andika 20:00.

Swali: Kulipa dola kila mwezi siwezi, na bando linakata. Kuna njia?

Jibu: Ipo, ndugu yangu. Kwa programu ya Ollama unaweza kupakua modeli huria na kuiendesha kwenye laptopu yako bila intaneti. Modeli ya vigezo (namba za ndani zilizojifunzwa) bilioni 7 inahitaji RAM ya GB 8 au zaidi. Upakuaji ni wa GB kadhaa, ufanyie kwenye Wi-Fi. Haitafikia zile za kulipia kwenye kazi kubwa, lakini kwa kueleza kosa au kuandika kipande kifupi inatosha, na data haitoki nje ya mashine yako.

Swali: Hatua zote hizi si zinachelewesha? Meneja wangu anataka kazi ya wiki mbili kwa siku mbili.

Jibu: Mpelekee namba zako, usibishane naye kwa hisia. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR iliwapima waandaaji programu 16 wazoefu kwenye kazi 246 za miradi yao wenyewe. Walipotumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na wenyewe waliamini wamewahi kwa asilimia 20. Zana zimebadilika tangu hapo na mradi wako si kama wao, kwa hiyo usilichukue kama hukumu. La kuchukua ni kwamba hisia ya kasi inadanganya. Kwa mwezi mmoja andika muda wa kila kazi ukijumlisha kusoma, kurekebisha na makosa yaliyorudi, kisha mkae na hiyo karatasi mezani.

Swali: Dada hapa, naandika API (njia ya mifumo kuzungumza) za malipo pia. Hiyo UNIQUE ikikataa taarifa ya pili, seva imjibu nini aliyetuma?

Jibu: Swali zuri sana dada, na zana yangu ililikosea. Ilirudisha kosa 500 (jibu la seva kwamba imeshindwa). Aliyetuma akiona 500 anadhani hujapokea, anatuma tena na tena. Likamate kosa hilo la UNIQUE peke yake, hakiki kwamba kiasi na namba ya simu vinalingana na rekodi ya kwanza, kisha mjibu 200 (imepokelewa vizuri) kama kawaida. Vikipishana, usibadilishe deni, iweke pembeni na umpelekee mhasibu ujumbe. Makosa mengine ya hifadhidata yaache yarudi kama 500, maana hapo unataka atume tena kweli.